Turudishieni mfuniko wa nyuma: barua ya wazi kwa wakuu wa kampuni za simu

Waheshimiwa,

Wiki tatu zilizopita niligundua kwamba simu yangu haitulii mezani. Nikiilaza chali inabembea kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Mwanzoni sikushtuka, kwa sababu kamera zenu siku hizi zimetokeza nyuma kama nundu na hakuna simu inayolala sawasawa. Lakini nilipoigeuza kifudifudi ikabembea vilevile. Siku mbili baadaye, usiku, nikaona mwanga unavuja pembeni mwa kioo, mstari mwembamba kama ule unaopita chini ya mlango wa chumba chenye taa. Kioo kilikuwa kimeanza kubanduka. Betri imevimba.

Nikaizima, nikaipeleka kwa fundi. Akaitazama kwa ubavu, jicho moja amelifumba, kama seremala anayekagua ubao uliopinda, kisha akaiweka chini taratibu sana.

"Simu yako ni nzima kabisa," akasema. "Iliyokufa ni betri. Kazi ni kuifungua."

Akanieleza. Kioo kimegandishwa kwa gundi kuzunguka ukingo wote, na betri nayo imegandishwa ndani. Atapasha moto kingo, atapenyeza kipande chembamba cha plastiki, atavuta kidogo kidogo. Kioo kikipasuka, hasara ni yangu. Betri ikitobolewa kwa bahati mbaya, inaweza kuwaka moto. "Ukikubali tunaanza. Usipokubali, sikulaumu, ndugu yangu."

Nikamwambia nitafikiri. Na nilipokuwa nikifikiri ndipo nilipoamua kuwaandikia nyinyi, maana fundi huyu hana kosa lolote na mimi sikuiangusha simu. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua kwamba sehemu pekee ya simu ambayo ni lazima ichakae ndiyo itakayozikwa chini ya gundi, nyuma ya sehemu iliyo rahisi kuliko zote kuvunjika. Watu hao ni nyinyi.

Wengi wetu tunaikumbuka simu iliyofunguka kwa ukucha. Ikiganda, hukumtafuta mtu. Ulibonyeza mfuniko, ukachomoa betri, ukahesabu mpaka kumi, ukairudisha. Ikitumbukia majini, betri ndiyo iliyotoka kwanza kabla hujatafuta hata kitambaa. Msafiri alitia betri ya pili mfukoni, imejaa, na kuibadilisha kulimchukua nusu dakika badala ya saa nzima ya kuinama karibu na soketi ya ukutani. Nokia 3310, iliyoingia sokoni mwaka 2000, ikianguka ilitawanyika vipande: mfuniko huku, betri kule, simu yenyewe pale. Uliokota, ukaunganisha, ukawasha, ukaendelea na maongezi. Leo watu hufanya mzaha kuhusu ugumu wa simu ile, lakini mimi naona sehemu ya ugumu wake ilikuwa kujua kuachia. Simu za sasa haziachii kitu, kwa hiyo kioo hubeba pigo lote.

Mwaka 2007 ikaja iPhone ya kwanza, imefungwa kila upande. Wengine mliendelea na mfuniko kwa miaka kadhaa, na baadhi yenu mkautangaza kama sifa. Samsung waliweka betri ya kuchomoa kwenye Galaxy S5 mwaka 2014. Mwaka uliofuata ikaja S6, imefungwa kwa gundi, na nafasi ya memori kadi imeondolewa pamoja na mfuniko. Memori kadi ilirudi kwenye S7 mwaka 2016 baada ya watu kupiga kelele. Mfuniko haukurudi. Ukabaki kwa simu za bei ya chini, kisha huko nako ukaanza kutoweka, mpaka ikawa anayeuliza dukani kama betri inatoka anatazamwa kama aliyeulizia redio ya mbao.

Mmekuwa mkitupa sababu tatu, na nimezisikia mara nyingi kiasi cha kuzikariri.

Ya kwanza ni maji: eti simu inayofunguka haiwezi kuzuia maji. Galaxy S5 niliyoitaja ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, na mfuniko wake uliachia kwa ukucha. Siri yake ilikuwa mpira mwembamba uliozunguka upande wa ndani wa mfuniko. Mpira tu. Tena kampuni hiyohiyo ilitoa Galaxy XCover6 Pro mwaka 2022, simu ya watu wa kazi za viwandani na barabarani, yenye kiwango cha juu zaidi cha IP68, na betri yake inachomolewa. Kwa hiyo ujuzi mnao. Mnampa anayenunua simu kwa ajili ya kazi kwa sababu mwajiri wake angekataa kupoteza siku nzima kisa betri, halafu mnatuambia sisi wengine kwamba haiwezekani.

Ya pili ni wembamba. Hii hunichekesha. Mnapunguza milimita moja, nasi siku hiyohiyo tunaongeza mbili za kava la mpira, kwa sababu kioo mnachoweka mbele na nyuma hakielewani na sakafu. Nani aliwaomba mgongo wa kioo? Sijawahi kukutana na mtu anayelalamika kwamba simu yake ni nene. Wanaolalamika kwamba haifiki jioni nimekutana nao kila mahali.

Ya tatu ni usalama, kwamba mtu wa kawaida asiguse betri, ni hatari. Hapa nitawapa haki yenu, maana betri za lithiamu si za kuchezea, na betri bandia zipo na huunguza watu. Lakini mwaka 2016 dunia nzima iliona Galaxy Note 7 zikiwaka moto, na betri ya Note 7 ilikuwa imefungwa ndani na kiwanda chenyewe. Tatizo lilikuwa betri, ila kwa kuwa haikutoka, zikarudishwa simu nzima kwa mamilioni, na mwishowe modeli yote ikaondolewa sokoni. Ingekuwa na mfuniko, walau mwenye simu angeitoa betri na kuitenga siku ileile aliyosikia habari. Na kuhusu betri bandia, jiulizeni soko lake limenenepeshwa na nani. Fundi wangu angependa kuninunulia betri halisi. Hana pa kuipata. Anatumia anayoipata.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na kemia. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Bila wao tungekuwa bado tunabeba tofali. Lakini watu wa kemia hawajaficha chochote kuhusu tabia yake. Kila unapochaji na kutumia, ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, husafiri kutoka ncha moja ya betri kwenda nyingine na kurudi, na katika kila safari baadhi yake hunaswa zisirudi tena. Joto huongeza kasi ya uchakavu huo. Kukaa saa nyingi ikiwa imejaa pomoni nako huongeza. Ndani yake huweza kujikusanya gesi, na ndiyo hiyo iliyoinua kioo changu.

Tena uchakavu huo mnaupima wenyewe. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida cha betri ya simu kilikuwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 ya chaji, hata ukiitumia kwa mafungu mawili ya hamsini. Anayemaliza chaji moja kwa siku anafika huko kabla ya mwaka mmoja na nusu kutimia. Siku hizi baadhi yenu mnatangaza mizunguko 1000, na nawapongeza kwa dhati. Bado ni miaka isiyofika mitatu kwa mtumiaji huyohuyo.

Tairi la gari nalo huisha, na kwa kuwa linajulikana kuwa huisha, limefungwa kwa nati. Hakuna aliyewahi kulichomelea kwenye ekseli kisha akamwambia dereva kwamba gari limezeeka.

Naomba tukumbushane habari moja, maana ndiyo iliyoniondolea wasiwasi kwamba huenda nawaonea. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya kweli: betri iliyochoka haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla, na simu inapouhitaji hujizima yenyewe. Kupunguza mwendo kulizuia hilo. Kosa lilikuwa ukimya. Mtu alishika simu inayojikokota, akaamini imezeeka, akaenda kununua mpya, kumbe alihitaji betri. Baadaye ilikuja faini ya euro milioni 25 nchini Ufaransa mwaka 2020, na mwaka huohuo makubaliano ya kulipa hadi dola milioni 500 katika kesi ya wateja Marekani. Hizo tuziache. Mimi kilichonikaa akilini ni kilichotokea katikati.

Kwa kuomba radhi, Apple walishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Watu wakajipanga. Kisha tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akawaandikia wawekezaji barua kueleza kwa nini mapato yangekuwa chini ya yaliyotarajiwa. Sababu kubwa aliyoitaja ilikuwa hali ya uchumi wa China. Lakini miongoni mwa sababu nyingine aliweka hii: wateja walioitumia nafasi ya betri za bei nafuu.

Isomeni tena taratibu. Mtu alibadilisha betri, simu yake ikarudi kuwa simu, hakununua nyingine, na jambo hilo likaonekana kwenye hesabu za mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote duniani. Tangu siku niliposoma barua hiyo, hadithi za maji na wembamba zimekuwa ngumu kwangu kuzimeza.

Kuna kifo cha pili cha simu, nacho hakivimbi. Masasisho yanakoma. Simu inawaka, inapiga, inapiga picha nzuri, lakini viraka vya usalama haviji tena, na siku moja programu ya benki inakuambia kwa adabu kwamba kifaa chako hakikidhi vigezo. Hapa nawapongeza waliojitahidi. Google waliahidi miaka 7 ya masasisho walipotoa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung wakafuata kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Fairphone wa Uholanzi, kampuni ndogo mno mbele yenu, ilikuwa na mwendo huo kabla, na simu zake zinafunguliwa na mwenye simu mwenyewe na betri inatoka.

Lakini wekeni ahadi hiyo ya miaka 7 kando ya betri niliyoieleza. Programu imeahidiwa miaka saba, na moyo umepewa miwili au mitatu kisha ukazikwa kwenye gundi. Hiyo ahadi ni ya nani basi? Ni sawa na kunikabidhi nyumba kwa miaka saba na ufunguo unaoyeyuka baada ya mitatu.

Tena ahadi yenyewe ni ya simu za bei ya juu. Anayenunua simu ya bei nafuu mara nyingi hajui kama amenunua miaka minne au mmoja na nusu, hasa kama modeli ilikaa rafuni muda mrefu kabla hajaiona. Boksi la dawa lina tarehe ya mwisho wa matumizi, na betri kavu za tochi huandikwa tarehe. Kwenye boksi la simu nimesoma idadi ya megapikseli mara tatu, na tarehe ya mwisho wa masasisho sijaiona hata mara moja. Iandikeni kwenye boksi, nje, kwa herufi zinazosomeka, siku na mwezi na mwaka. Mkiona aibu kuiandika, aibu hiyo ina maana yake.

Nikishataja megapikseli, acheni nipumue kidogo. Simu yenye kamera ya megapikseli 200 kwa kawaida hupiga picha ya 12, kwa kuunganisha vitone kumi na sita kuwa kimoja. Ni ufundi mzuri na picha za usiku zimekuwa bora kwa sababu yake. Ila tangazo linasema 200. Na zile kamera za megapikseli mbili mnazozipanga nyuma ili zionekane nne badala ya mbili, nani aliwahi kupiga picha nazo mara ya pili? Memori nayo: simu ya gigabaiti 64 inanifikia ikiwa imekwishaliwa na mfumo na programu ambazo sikuziomba na ambazo baadhi yake haziondoki, zinazimwa tu. Ni kama kuhamia chumba ukakuta makabati ya mwenye nyumba yamejaa nguo zake.

Kuhusu chaja sitawalaumu kama wengi wanavyofanya. Apple walipoacha kuiweka kwenye boksi mwaka 2020, na Samsung wakafuata mwaka uliofuata, watu walikasirika sana. Mimi nina droo imejaa chaja. Kilichonikera ni kwamba iPhone za mwaka ule zilikuja na waya wa USB-C, ambao haukuingia kwenye chaja za zamani zilizodaiwa kuwa tunazo majumbani. Sasa walau tundu limekuwa moja. Umoja wa Ulaya ulilazimisha USB-C kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na droo yangu imeanza kupumua.

Kwenye droo hiyohiyo kuna kitu kinachonihuzunisha zaidi, nacho ni spika ndogo za masikioni zisizo na waya. Jozi mbili. Mlituondolea tundu la hedifoni, Apple wakiwa miongoni mwa wa mbele kwa iPhone 7 ya mwaka 2016, mkatuuzia spika zenye betri ndogo kama punje, moja kwa kila sikio, zisizofunguka bila kuharibika. Jozi ya kwanza ilianza kuzima sikio la kushoto baada ya miaka miwili, kisha la kulia. Spika zenyewe zinatoa sauti safi mpaka leo, kwa dakika ishirini. Hedifoni zangu za waya nilizozinunua kabla ya hapo bado zinafanya kazi, tatizo simu haina pa kuzichomeka. Dunia ilizalisha taka za umeme tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo inayojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu ya hizo zilizobaki ipo kwenye droo yangu, na ninashindwa kuitupa kwa sababu haijaharibika.

Nirudi kwa fundi, maana kuna jambo aliniambia ambalo sikulijua. Simu za siku hizi huitambua sehemu iliyowekwa. Ukitoa kioo halisi kwenye simu moja iliyokufa ukakiweka kwenye nyingine ya aina ileile, simu inaweza kukukatalia baadhi ya kazi au kukuonyesha onyo kwamba sehemu hiyo haitambuliki. Kioo ni chenu, simu ni yenu, kiwanda ni kimoja, lakini vimefungishwa ndoa kwa namba na mtu wa tatu hatakiwi. Mnasema ni kwa sababu ya wezi wanaouza vipuri vya simu za wizi. Nakubali wizi upo. Lakini njia ya kumkomesha mwizi isiwe kumnyang'anya kila fundi bisibisi. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia mtindo huo kwa vifaa vipya, na simu zinaendelea kuuzwa huko kama kawaida.

Ulaya nako, tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya lazima betri yake ibakize angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 tangu modeli iache kuuzwa. Kanuni hizo zinataka betri ibadilishwe na mwenye simu mwenyewe, ila zimeacha mlango: simu inayozuia maji na yenye betri inayobakiza asilimia 80 baada ya mizunguko 1000 inaruhusiwa kubaki na betri ya kutolewa na fundi. Nawajua, mtapita mlango huo kwa wingi. Sawa, piteni. Ila betri hiyo ya mizunguko 1000 msije mkaiweka kwenye simu za Ulaya peke yake, na vipuri vya miaka 7 visiishie kwenye mipaka yake. Lithiamu haichoki kwa kufuata pasipoti ya mwenye simu.

Na msiseme gundi haina mbadala. Mwaka 2024 Apple wenyewe waliweka kwenye iPhone 16 gundi inayoachia betri ikipitishiwa umeme mdogo. Wengine huweka utepe wa kuvuta. Nyinyi mlioweza kutengeneza kioo kinachokunjwa katikati mara maelfu bila kuvunjika, mfuniko hauwezi kuwashinda.

Najua mtakachojibu: wateja wenyewe hawaombi. Na hapo mnatushika pabaya kidogo. Ni kweli, tukifika dukani tunauliza kamera kwanza. Tunauliza rangi. Wapo wanaobadilisha simu kila mwaka na wanajivunia, hiyo ni haki yao. Mimi mwenyewe niliponunua hii sikuuliza betri inatokaje, niliuliza ina ukubwa gani, nikaambiwa mAh 5000, nikaridhika. Lakini mtu huwaza betri siku inapomfia, na siku hiyo hayupo mbele ya wauzaji wenu, yuko mbele ya fundi. Watumeni watu wenu wa utafiti wa soko wakakae wiki moja kwenye kiti kile cha plastiki pembeni ya meza ya fundi. Wataipata orodha ya maombi bila kuandaa hata swali moja.

Ninachowaomba si kikubwa. Kwenye simu zenu zote, hata zile za bei ya chini, walau modeli moja kila mwaka iwe na mfuniko unaofunguka kwa ukucha, na iwe simu nzuri, msiiharibu makusudi kwa kamera mbovu kisha mseme haikununuliwa. Kwenye zile mtakazofunga, tumieni skrubu au gundi inayoachia. Betri halisi iuzwe kwa mtu yeyote na fundi yeyote, kwa muda wote mlioahidi masasisho. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye boksi. Na simu ikiwekewa sehemu nzima iliyotoka kwa simu ndugu yake, ikae kimya ifanye kazi.

Juzi nilirudi kwa fundi nikamwambia aanze. Nilikaa pale nikitazama. Alipasha moto ukingo, akasubiri, akapasha tena, akapenyeza plastiki yake nyembamba kwenye kona ya chini na kuisukuma polepole kuzunguka simu, bila kusema neno, akiwa amebana pumzi. Ilimchukua karibu saa nzima. Kioo hakikupasuka. Betri ya zamani ilitoka ikiwa imefura kama mto mdogo, akaitia kwenye ndoo ya mchanga aliyoiweka nyuma ya kiti. Mpya aliyoweka haina jina ninalolijua, na sasa nikifungua mipangilio ya simu nakutana na maneno kwamba betri hii haikuweza kuthibitishwa. Yanatokea kila siku. Hayaondoki.

Lakini inafika jioni, na ikilala kifudifudi imetulia. Chali bado inabembea. Hiyo ni kamera.

Wenu,
Mteja, mwaka wa tano na simu ileile